Machungwa ya Mashini ya Mifupa

Léocadie wa Kasongo alikuwa na machungwa matamu na mudomo mukali, na siku ile mudomo ndio uliomufunga.

Ilikuwa wakati wa Wabeleji, karibu na uhuru. Machungwa yake yalikwenda Kabambare kwa kamyo. Mvua ikikata njia, kamyo inalala kwenye matope, matunda yanafika na ukungu wa kijani. Basi agronome wa Leta, bwana shamba wa serikali, muzungu kijana, akanunua sanduku moja, akalipeleka hospitali chini ya mashini ya kupiga picha za mifupa. Alisema mwangaza wake unaua ukungu pamoja na sumu yake. Sanduku likakaa depo, ghala la mazao, mpaka mwezi ukaisha. Machungwa yakatoka safi. Lakini nani atakula? Watu walisema mwangaza ule unabaki ndani ya tunda, utachoma matumbo.

"Waoga ninyi!" Léocadie akawaambia sokoni. "Machungwa ni yangu. Mimi nitayakula."

Kumbe agronome alikuwa nyuma yake.

Kesho yake akaitwa depo. Watu walijaa mpaka barabarani. Mume wake Hippolyte, mufagiaji wa hospitali, hakuinua macho. Emilienne, muuza mihogo, alisimama mbele kabisa.

"Kula basi, Mama Léo! Ao mudomo wako iko wa kelele tu?"

Akikimbia, soko litamucheka mpaka kaburini. Akila akafa, watoto wake wangali wadogo. Akatafuta pa kutokea, akapaona: kwetu mwenye kutoa chakula anaonja kwanza, mugeni aone hakuna sumu. Na muzungu gani atakubali?

"Bwana Agronome, kwetu mwenye kugawa anaonja kwanza. Onja!"

"Amemuweza!" watu wakapiga kelele.

Muzungu akacheka. Akamenya chungwa, akalila lote, maji yakamutiririka kidevuni. Kisha akamunyoshea lingine.

Ee! Mwenye kutoa akisha kuonja, kukataa ni kumuita mulozi. Nani atamuita mutu wa Leta mulozi, na mume wake anakula kazi ya Leta?

Léocadie akala. Lilikuwa tamu kama siku zote, na hilo ndilo lilimuogopesha zaidi.

"Iko muzuri," akasema.

"Vizuri sana, Mama! Kila juma utakuja kuonja mbele ya watu."

Akafungua mudomo kukataa. Hippolyte akamutangulia:

"Ndiyo, Bwana. Atakuja."