Bastola Niliyomchagulia Bi Hadija

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Tabora, sikupewa silaha wala sare. Nilipewa tambara, kopo la mafuta na bastola moja kuukuu, nikaambiwa niisugue mpaka saa sita. Nilikuwa binti wa Kasulu, nimeajiriwa na kampuni ya ulinzi kama karani. Mtunza ghala la silaha alikuwa ameacha kazi juma lile, na mimi ndiye niliyekutwa nimekaa bila shughuli. Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi iliyonizeesha.

Saa sita Mkuu wa Ghala alikuja. Alikuwa mwanajeshi mstaafu, mtu wa maneno machache. Akaichukua ile bastola mezani, akaigeuzageuza, akanirudishia.

"Ina risasi au haina?"

"Haina, mzee."

"Umejuaje?"

"Wewe ndiye uliyenipa."

"Jibu hilo limeshazika watu, binti. Chomoa magazini. Vuta sehemu ya juu nyuma. Tazama chemba kwa jicho, halafu tia kidole. Ukishaona na ukagusa, ndipo useme haina."

Chemba ni kile kitundu cha nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa ikisubiri kupigwa. Magazini ni kibweta cha risasi kinachoingia ndani ya mpini. Vijana wengi hudhani ukishachomoa magazini bastola imekuwa tupu, kumbe risasi moja yaweza kubaki chemba imetulia. Nilitia kidole siku ile, na nimetia kidole kila siku kwa miaka zaidi ya thelathini, hata majirani wakanicheka kwamba Mama Yusta hata sufuria ya wali huichungulia mara mbili.

Kutoka Tabora nilihamishiwa Mpanda. Huko Mkuu wa Mafunzo alinifundisha kufundisha: namna ya kusimama nyuma ya mtu anayelenga shabaha, namna ya kusoma hofu begani kwake kabla haijafika kidoleni. Baadaye nikaletwa Kigoma, karibu na kwetu, kwenye tawi dogo lililokuwa pia na idhini ya kuwauzia silaha raia wenye leseni. Nilidhani nitakaa mwaka mmoja. Nilikaa mpaka mwisho.

Wateja wengi walikuwa wanaume, na mwanaume akija dukani hujifanya amezaliwa na bunduki. Wanawake walikuja wachache, tena miaka ya karibuni. Meneja wa Tawi alikuwa na kanuni yake juu yao. "Mwanamke mpe ndogo," alikuwa akisema, "nyepesi, inayong'aa. Wewe unajua mambo ya mikoba, Mama Yusta, mchagulie." Alikuwa mtu mwema, lakini kwa hilo alikuwa mbumbumbu. Bastola ndogo haimwonei huruma mwanamke. Jinsi ilivyo nyepesi ndivyo inavyompiga teke mpigaji, na mpini mfupi haukai vizuri kiganjani. Mimi nilianza na mkono wa mteja. Nilikipima kiganja, nikatazama kama kidole cha shahada kinafika kwenye kifyatulio bila kujikunja. Kisha nilimwambia akae kitini, mkoba mapajani, aniambie kilichomo. Funguo, simu, leso, dawa ya kichwa, vipande vya tangawizi, yote hayo yatalala na bastola kitanda kimoja.

Ndipo akaja Bi Hadija wa Ujiji. Alikuwa mjane, mnunuzi wa dagaa, mwanamke wa umri wangu. Kila asubuhi alikwenda mialoni, kule wavuvi wanakotia nanga, Bangwe au Katonga, kununua mzigo. Siku moja mchana kweupe, njiani Kasingirima, vijana wawili wa pikipiki walimpora, na alipong'ang'ania mkoba mmoja akampiga panga la bega. Alipona. Alipeleka maombi yake, akahojiwa, akapitia kamati zote, akapata leseni. Alipoingia dukani bega bado lilikuwa chini upande mmoja.

"Mwakeye, dada," alinisalimia Kiha kwa utani, kwa kuwa yeye alikuwa Mmanyema. "Nimeambiwa ghala lote hili analilinda Muha. Ndiyo maana hakuna anayethubutu kuliibia."

"Wamanyema ndio tunaowaogopa," nikamjibu, tukacheka. Tulipendana kuanzia hapo.

Nilianza na rivolva, ile bastola yenye kitundu kwa kila risasi katika silinda inayozunguka. Kifyatulio chake ni kizito, na uzito huo ndio usalama wake mkobani. Bi Hadija alivuta kwa nguvu zote, haikufyatuka. Vidole vyake vilikuwa vimevimba viungo kwa baridi yabisi. Nikampa bastola ya magazini yenye kifyatulio laini. Hiyo aliifyatua nilipomtayarishia, na kwenye uwanja wa shabaha alipiga vizuri kuliko baadhi ya walinzi wangu. Tatizo lilikuwa kuikoki, yaani kuvuta sehemu ya juu nyuma na kuiachia ili risasi ipande chemba. Alivuta kwa mkono wa kulia, akavuta kwa wa kushoto, akaibana hata kwapani. Haikuja.

"Dada," akaniambia, "wale vijana watanisubiri mpaka nimalize?"

Kanuni yetu ilikuwa moja: silaha hukabidhiwa chemba tupu. Tena ala yake ya ngozi, ambayo ingekifunika kifyatulio, ilikuwa bado kwa fundi viatu. Ningemwambia arudi baada ya juma moja. Ningemwambia mkono wake na bastola havikupatana, basi. Lakini nilikuwa nimeliona lile bega, na nilikuwa nimeshampenda. Nikaikoki mimi mwenyewe, nikapandisha kitufe cha usalama, nikamwonyesha namna ya kukishusha kwa dole gumba. Kisha nikaandika kwenye kitabu cha makabidhiano: chemba tupu. Nikatia sahihi.

Nikamwongezea na somo nililokuwa nikijivunia. "Bastola ya mkobani nguvu yake ni siri," nilimwambia. "Akijua mmoja, amejua mtaa mzima. Usimwambie mtu, hata nyumbani."

Bi Hadija alikuwa akiishi na binti yake wa mwisho, Rehema, fundi cherehani. Binti huyu alikuwa amelelewa kwa adabu za kwetu. Mama akitoka kazini humngoji aingie. Unamtokea mlangoni, unampa pole, unampokea mkoba. Nami nimelelewa hivyo hivyo, na wangu nimewalea hivyo. Katika maswali yote niliyompa Bi Hadija, katika vipimo vyangu vyote vya kiganja na kidole, sikumuuliza mkoba wake hupokelewa na nani.

Haya mengine alinisimulia mwenyewe baadaye. Jumatatu alirudi nyumbani, Rehema akatoka. "Pole na kazi, mama, nikupokee." Bi Hadija akaukumbatia mkoba, akasema mwepesi tu huu. Jumanne vivyo hivyo. Jumatano binti akanyoosha mikono yote miwili, mama akampita. Siku ya Alhamisi Rehema hakunyoosha mkono. Alisimama pembeni ya mlango, macho yamejaa machozi.

"Mama, nimekukosea nini? Hata mkoba wako nisiushike? Unadhani nitakuibia?"

Afanye nini mama? Amwambie, avunje siri niliyomwapisha? Asimwambie, mwanawe ajione mwizi? Alimpa. Rehema aliupokea kwa furaha, mkono mmoja kwenye kamba, kiganja cha kulia kikiushika chini, na akaukaza kifuani kama mtu aliyerudishiwa chake. Ndani, kitufe cha usalama kilikuwa kimeshushwa na msuguano wa siku nne, na shada la funguo likawa limeingia penye kifyatulio. Risasi ilitokea chini ya mkoba ikapita katikati ya kiganja.

Aliishi, Mungu ashukuriwe. Mkono ulibaki, lakini vidole vitatu havikunjiki tena.

Polisi walikuja dukani na kitabu kikafunguliwa. Chemba tupu, na sahihi yangu chini. Kwa hiyo, kwa hesabu yao, aliyekoki ni Bi Hadija, kinyume cha mafunzo. Angefunguliwa mashitaka ya uzembe wa silaha, na aliyeumia ni nani? Mwanawe. Meneja wa Tawi alinifungia mlango wa ofisi tukabaki wawili.

"Umebakiza miezi tisa kustaafu," alisema. "Kitabu kimekaa sawa. Wewe nyamaza, yeye hajasema lolote juu yako."

"Hajasema?"

"Ameulizwa mara mbili nani aliyekoki. Anasema hakumbuki."

Hapo ndipo nilipoona aibu. Mwanamke yule alikuwa ameketi na damu ya mtoto wake kwenye kanga, na bado alikuwa ananificha. Nami, nisidanganye, nilinyamaza. Nilinyamaza siku ile na kesho yake. Nilijiambia kwamba Bi Hadija ni mjane, watamhurumia. Nilijiambia kwamba miezi tisa ni mingi mtu akiipoteza. Vijana, uongo wa maandishi una ladha nzuri, maana haukutazami usoni.

Siku ya tatu waliniita kituoni kama shahidi. Bi Hadija alikuwa amekaa benchini, hakuinua macho. Mpelelezi aliniuliza kama maandishi ni yangu. Nikasema ni yangu. Kisha nikaomba bastola ile ile iliyokuwa mezani, nikachomoa magazini, nikatazama, nikatia kidole, nikampa Bi Hadija.

"Mwambieni aikoki," nikasema.

Mpelelezi alisita, kisha akakubali. Bi Hadija akanitazama. "Acha, dada," akanong'ona. "Mimi ndiye niliyekuomba."

"Vuta, Bi Hadija."

Alivuta. Alivuta mpaka lile bega likatetemeka, vidole vikateleza, akaiweka mezani na kujifunika uso kwa kanga. Nikasema mbele yao wote: "Mwanamke huyu hawezi kukoki bastola. Niliikoki mimi, kwa mikono hii, nikaandika uongo."

Bi Hadija aliachiwa. Mimi nilihukumiwa faini, nikanyang'anywa cheti cha ukufunzi, na kampuni ikaniachisha kazi bila sherehe wala barua ya shukrani. Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Wenzangu walipewa saa ya ukutani na keki, na wapewe, walistahili. Mimi sioni kama nilionewa.

Sasa nakaa nyumbani, na vijana wa kampuni hunijia wakitaka kujua bastola ipi inamfaa mwanamke wa mkoba. Nawaeleza habari za kifyatulio kizito na ala ngumu, na kwamba bora aibebe kiunoni kuliko mkobani. Kisha nawaambia: muulizeni anaishi na nani, nani humtokea mlangoni, na kama yuko tayari kuwaambia. Mtu aliyezungukwa na watu wanaompenda huwezi kumpa siri yenye risasi ukamwacha aende zake. Wengine wanaandika ninachosema. Wengine wanadhani bibi amezeeka, amehama kwenye silaha anaongea mambo ya nyumbani.

Ilinichukua miezi miwili kupata moyo wa kwenda Ujiji. Nilikwenda alasiri, nimebeba mkoba wangu na kilo mbili za sukari. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote, hata kufukuzwa. Kabla sijabisha hodi Rehema alinitokea mlangoni. Mkono wa kulia ulikuwa umelala tumboni, vidole vimekakamaa.

"Shikamoo, mama. Pole na safari."

Akanyoosha mkono uliobaki mzima, akainamisha kichwa kwa haya, kwa kuwa kwetu mkubwa hapokelewi hivyo.

"Nisamehe, mama," akasema. "Nakupokea kwa kushoto."