Saa Moja Kutoka Bologna

Pamfil aliendesha lori la mahindi miaka thelathini, na jambo moja aliliamini kuliko mahubiri ya padri: ukijua umbali na mwendo, hakuna wa kukudanganya. Dereva akichelewa saa moja, kuna mahali kapita. Yeye mwenyewe enzi zake alipita pengi, ndiyo maana alijua.

Mkewe, Saveta, alikuwa na mwaka wa kumi na moja akimtunza bibi kizee mmoja huko Bologna, Italia. Tangu aondoke, Pamfil aliishi kwa saa za kule. Ya ukutani, ya mkononi, zote. Saveta akiketi kula, naye huku kijijini, karibu na mji wa Iași, anapakua ugali wake na jibini, wakati majirani wameshaosha vyombo. Alizoea hata akasahau kuwa kuna saa nyingine.

Tiketi ya safari hii alisomewa na jirani yake Ghenadie kwenye simu: kuondoka saa nne asubuhi, kutua Iași saa saba mchana. Pamfil akatoa ramani na rula. Kilomita elfu moja na mia tatu.

"Hizo ni saa mbili tu angani," alisema. "Kwa nini atue saa saba?"

"Labda rubani anashuka njiani kunywa kahawa, mzee!"

Pamfil hakucheka. Alikumbuka tiketi za Pasaka, za Krismasi. Zote zilikuwa na ile saa ya ziada. Roho ikamuuma. Kuanzia hapo kila Saveta alipopiga simu, alimtega.

"Uwanjani anakupeleka nani?"

"Napanda basi."

"Dereva wake anaitwa nani?"

Saveta akasema bibi anamwita.

Siku zote Saveta aliletwa na teksi. Safari hii Pamfil alikwenda mwenyewe, akafika saa saba kasorobo, mapema, ili amwone anatoka na nani. Ukumbi ulikuwa mtupu. Saveta alikuwa peke yake, amekalia sanduku lake.

"Ulikuwa wapi wewe? Nakusubiri karibu saa nzima!"

"Usinigeuzie kibao. Nne na mbili ni sita, tiketi inasema saba. Hiyo saa moja kila safari unampelekea nani?"

Saveta alimtazama mkono, akamwonyesha saa ya ukumbini. Saa nane kasorobo.

"Umevaa saa ya Italia, Pamfil. Huku tuko mbele yao kwa saa moja."

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alitaka kumwambia kwa nini anaivaa, lakini alivuta tu mkono wa shati kuifunika.

"Kumbe yale maswali yote ya kwenye simu ni kwa ajili ya hilo?"

"Ndiyo."

Saveta alinyanyua sanduku, akamkatalia alipotaka kumpokea.

"Miaka kumi na mmoja nimelala nyumba ya watu," alisema, "na wewe ulikuwa unatafuta saa moja."