Sikio na Feni ya Mkunga

Gari la mkunga lilirudi gereji likiwa na alama za mikono kwenye kioo cha mbele, upande wa ndani, kana kwamba kuna mtu aliyefungiwa humo usiku kucha akitafuta njia ya kutokea. Fundi Sikio aliziona alama hizo kabla hajamwona mwenye gari.

"Feni imekufa," mkunga alisema akishuka. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa miguu, mkoba wa kazi begani. "Imenifia njiani alfajiri, ukungu umelala barabarani. Kioo kikaziba kwa mvuke wa pumzi zangu mwenyewe. Nimeendesha kichwa kiko nje ya dirisha kama mbuzi anayepelekwa mnadani."

Ng'ambo ya uwanja fundi wa bodi, aliyekuwa akinyoosha mlango uliobonyea, alicheka mpaka nyundo ikamponyoka.

"Cheka tu," mkunga alimgeukia. "Nilipofika, mtoto alishanitangulia. Kapokelewa na bibi yake, mikono ina unga wa maandazi."

"Mzima?" fundi wa bodi aliuliza.

"Mzima, na mama yake mzima. Lakini hiyo ni bahati, na bahati haina gereji." Kisha akamtazama Sikio. "Fundi, juma lililopita uliponirudishia gari hili, feni ilikuwa inalia kama paka aliyebanwa mkia mlangoni. Nikajisemea, huyu ndiye Sikio, kama ingekuwa ni kitu angeniambia. Ile kelele hukuisikia?"

Swali lilikuwa jepesi, na jibu lake lilikuwa neno moja tu. Lakini neno hilo Fundi Sikio alikuwa amelikwepa kwa miaka.

Jina la Sikio alilipata ujanani. Gari lilikuwa likiingia getini, na kabla dereva hajazima injini yeye alishasema: beringi ya kushoto nyuma, au mkanda umelegea, au hapo hakuna kitu, ni mwavuli wako unagongagonga kwenye buti. Wenzake walifungua magari kutafuta ugonjwa. Yeye alifungua kwenda kuuchukua. Watu walimletea magari kutoka mbali, na alipooa, mkwe wake aliwaambia wageni, "Binti yangu kaolewa na sikio, sijui mwili uko wapi."

Nyuma ya ukuta wa mabati palikuwa na karakana ya mbao. Msumeno wake mkubwa ulianza kunguruma asubuhi na kunyamaza jioni. Ulikata magogo, na kidogo kidogo ulikuwa ukimkata na yeye. Kwanza zilikwenda sauti nyembamba: ndege, mluzi wa birika, vicheko vya wajukuu. Halafu maneno yakaanza kumfikia yakiwa yamekatika mikia. Mwanzoni aliuliza, "Umesemaje?" Baadaye aliona uso wa mtu unavyochoka kurudia jambo lisilo na uzito, akaacha kuuliza. Akawa anatikisa kichwa na kusema "Enhe." Kwa enhe hiyo alimwazima jirani ngazi ambayo haijarudi, na alikubali, mbele ya ukoo mzima, kwamba shemeji yake anapika vizuri kuliko mkewe.

Mkewe ndiye aliyejua. Alimwambia aende hospitali akapimwe. Alimwambia mara nyingi, na mara nyingine alisikia. "Sikio la kufa halisikii dawa," mkewe alimaliza kila mara, akageukia sufuria zake. Alikuwa ameolewa na methali.

Sasa mkunga alikuwa anasubiri. Na hakuwa peke yake: karibu na geti alisimama mwenye pikapu, mgeni aliyetoka mji mwingine kwa sababu ya jina hilo, akitaka injini yake isikilizwe. Sikio alipima. Akisema aliisikia kelele ile na kuiacha, basi yeye ni mzembe. Akisema hakuisikia, basi yeye si Sikio. Mzembe hugombezwa, akaomba radhi, maisha yakaendelea. Lakini fundi asiyesikia, katika uwanja ambako watu wamekuja kununua masikio yake, ana nini cha kuuza?

"Niliisikia," alisema. "Nikaona itatulia."

"Itatulia," mkunga alirudia polepole. "Kweli, imetulia."

Sikio alichukua taa ya kupimia na kuingia kazini, maana kazini hakuna anayekuuliza kitu. Juma lililopita ugonjwa ulikuwa mwingine: feni ilipuliza kwenye namba nne tu, na namba za chini hazikufanya kitu. Huo ni ugonjwa wa risista, kile kikoili kidogo kinachougawa umeme ili feni iende taratibu. Alikibadilisha, akawasha, akashika karatasi mbele ya tundu la hewa. Karatasi ilipepea. Zamani angesikiliza. Siku hizi aliamini karatasi, na karatasi haina habari na kelele.

Leo alianza upya. Fyuzi ilikuwa nzima. Swichi ilipitisha umeme. Taa ya kupimia iliwaka kwenye plagi ya mota, na waya wa kurudisha umeme kwenye bodi ulikuwa umekaza. Basi umeme ulifika mpaka mlangoni; aliyekataa kufungua ni mota yenyewe. Aliigonga kwa mpini wa bisibisi. Feni ikazunguka kidogo, kama mtu aliyeshtuliwa usingizini, ikalala tena.

Alilala chali kwenye sakafu ya gari, kichwa chini ya dashibodi, mahali abiria anapoweka miguu, na miguu yake mwenyewe ikabaki nje mlangoni. Akaanza kufungua skrubu.

"Itachukua muda?" mkunga aliuliza akiwa amesimama karibu na miguu hiyo.

Bisibisi iliendelea kuzunguka.

"Fundi, nauliza itachukua muda?"

Skrubu moja ilianguka kwenye zulia. Mkunga aliitazama ile miguu. Kwa kazi yake alikuwa amezoea kusoma miili ambayo wenyewe hawasemi. Akashusha sauti mpaka ikawa ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayeomba maji ya kunywa.

"Fundi, kuna nyoka hapo kwenye kiatu chako."

Miguu haikutikisika hata kidole. Fundi wa bodi alifungua mdomo. Mkunga akaweka kidole chake midomoni, naye akaufunga.

Alizunguka gari, akafungua mlango wa dereva, akaketi na kuinama mpaka uso wake ukawa juu ya uso wa fundi. Sikio alishtuka. Mota ilikuwa imetoka, ameilaza kifuani pamoja na gurudumu lake la mapezi, limejaa vumbi na majani makavu.

Mkunga aliufungua mkoba wake. Alitoa kipembe cha mbao, chembamba katikati na kipana kwenye ncha zote mbili.

"Unakijua hiki?"

"Tarumbeta," Sikio alisema, akiangalia midomo ya mkunga.

"Ya kumsikilizia mtoto tumboni. Sasa, nyumba nyingine naingia, redio inapiga kelele, mashangazi wamejaa, mvua iko kwenye bati. Naweka pembe, naweka sikio, sipati kitu. Unadhani nafanyaje?"

"Unakisia."

"Nikikisia nitazika watu. Nasema: jamani, sisikii. Nyamazeni. Wakishindwa kunyamaza, natia mkono, nasikia kwa mkono." Alimwangalia. "Ile kelele, fundi."

Sikio aliishika mota kwa mikono miwili. Aliinuka, akakaa kwenye kizingiti cha mlango na mota mapajani. Aliuzungusha mhimili wake kwa ncha za vidole. Ulikuwa mkavu; aliusikia ukikwaruza chini ya ukucha, tena aliusikia ukiyumba, unacheza kidogo ndani ya bushi, ile pete inayoushika. Akaileta mota puani: aliisikia harufu ya kuungua. Alifungua kifuniko, akaona kaboni mbili, vile vijiwe vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye mota, zimelika mpaka zimebaki vipande.

Lugha yetu haikumwachia sikio kazi hiyo peke yake. Tunasikia baridi, tunasikia njaa, tunasikia uchungu na harufu ya mkate ukiungua. Mtu anayesema "sisikii vizuri" huenda anazungumzia tumbo lake. Mababu waliolitengeneza neno hilo walijua kwamba habari humfikia mtu kwa milango mingi. Lakini Sikio, kwa kuitwa jina la mlango mmoja, alikuwa amesimama hapo miaka yote akiulinda ule unaojifunga, asihesabu ile iliyokuwa wazi. Vidole vyake vilifanya kazi, naye akalipa sifa sikio.

"Sikuisikia," alinong'ona.

Hivyo ndivyo alivyodhani. Lakini anayepoteza usikivu hupoteza pia kipimo cha sauti yake mwenyewe, na mnong'ono wa Sikio ulitoka kama tangazo. Ulivuka uwanja, ukagonga mabati, ukamfikia kila aliyekuwapo.

"Sikuisikia kabisa!"

Nyundo ilisimama. Mwenye pikapu aliangalia kando. Kisha alitazama saa yake, kwa adabu, akasema kwamba amekumbuka jambo na atapita kesho. Aliwasha injini ikiwa na mgongano wake uleule aliokuja nao. Sikio aliona moshi tu. Aliutazama mpaka ukaisha barabarani, na uso wake ukawa kama wa mtu anayesindikiza mzigo wake mwenyewe ukiondoka kwenye gari la wengine.

Fundi wa bodi alikuja akijifuta mikono. Akasimama mbele yake, mahali pa kuonekana.

"Kwani wewe ulidhani siku hizi nakupungia nyundo kwa sababu nakupenda?"

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku msumeno wa jirani ulipoharibika. Uwanja mzima tulishangilia. Wewe ukaja kutuuliza tunashangilia nini."

Sikio alitaka kukasirika, akakuta hasira haipo. Kulikuwa na kitu kingine, kizito na chenye nafuu ndani yake.

"Na hukuniambia."

"Nilikwambia. Ukasema enhe."

Mkunga alicheka mpaka akashika tumbo. Fundi wa bodi naye. Sikio alicheka wa mwisho, kwa sababu alihitaji kwanza kurudiwa maneno.

Mota mpya ya gari la umri ule haikupatikana kirahisi. Alichukua kaboni za mota nyingine iliyokufa kwa ugonjwa mwingine, akazisugua mpaka zikakaa. Bushi aliisafisha na kuitia mafuta, tone kwa tone, akiuzungusha mhimili mpaka ule mkwaruzo ukaondoka ukuchani. Aliondoa majani kwenye mapezi. Akarudisha kila kitu mahali pake na kuketi kwenye kiti, mkono kwenye swichi.

Halafu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya mteja.

"Njooni mnisikilizie," alisema.

Walichomeka vichwa ndani, mmoja kila upande. Aliweka namba moja.

"Kimya," mkunga alisema, akitamka kwa midomo.

Namba mbili.

"Subiri," fundi wa bodi aliinua kidole. "Kuna kitu kinasugua. Kwa mbali."

"Upande gani?"

"Huku kwangu."

Zamani mtu angemwambia hivyo angemtimua. Sikio aliingiza mkono chini ya dashibodi, akaulaza juu ya kasha la feni, akafumba macho. Ulikuwapo, mtetemo mdogo unaokuja na kwenda. Gurudumu lilikuwa limekaa upande, linagusa kasha. Aliishusha mota tena, akalinyoosha gurudumu, akairudisha. Wakasikiliza namba moja mpaka nne, na hewa ya moto ikaanza kupanda kwenye kioo, ikizifuta zile alama za mikono kutoka chini kwenda juu.

Mkunga hakutosheka. Aliweka pembe yake juu ya dashibodi, akategesha sikio, akafumba macho kama yuko kwenye chumba cha mzazi.

"Mapigo mazuri," alisema. "Mzima."

"Wa kike au wa kiume?" fundi wa bodi aliuliza.

Sikio hakusikia, lakini safari hii alisema, "Eh?" Na wakalirudia swali.

Pikapu haikuja kesho yake, wala siku iliyofuata. Baadhi ya wateja walipotea, kimya kimya, kama watu wanaotoka msibani kabla ya chakula. Wengine walibaki, wakajifunza kusimama mbele yake wanapoeleza ugonjwa wa gari, na kueleza vizuri, kwa kuwa sasa aliwauliza mengi.

Lakini hayo yalikuwa mbele. Jioni ile aliporudi nyumbani, mkewe alikuwa anaosha vyombo, mgongo mlangoni, bomba liko wazi. Sikio alikaa kwenye stuli, akavua viatu. Mkewe alisema kitu bila kugeuka. Huenda ni habari ya chumvi, au ya wajukuu, au ya hospitali tena. Enhe ilikuwa tayari mdomoni, imelainika kwa matumizi.

"Mama watoto," alisema. "Umesemaje?"

Mkono wa mkewe ulisimama ndani ya sufuria. Alifunga bomba, akajifuta mikono kwa upindo wa nguo, akazunguka meza mpaka akafika mahali ambapo taa ilimwangaza usoni. Akavuta stuli ya pili, akaketi mbele ya mumewe, magoti kwa magoti, akalirudia neno lake.