Kiingereza cha Nyuma ya Ukuta

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza. Nasikia mnalalamika kwamba kirai na kishazi vya Kiingereza vinawaumiza kichwa, na mwalimu yuko mbele yenu, mnaona mdomo wake unavyofunguka, mkikosea anafuta ubao anaandika tena. Mimi nilivisoma bila kumwona aliyenifundisha. Na nilikuwa nimeshaambiwa: ukishindwa, unarithiwa.

Shule niliishia darasa la nne, basi. Niliolewa Iyunga, wakati ule Iyunga ni mashamba ya mahindi na migomba, nyumba moja hapa, nyingine kule. Ni miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Mume wangu alishikwa na homa wakati wa masika. Wakasema atapona kesho, atapona keshokutwa, na hospitali haikuwa mbali kiasi cha kushindwa kumbeba. Asubuhi moja hakuamka. Hata mtoto sikuwa naye.

Kaka yake mkubwa, ambaye alikuwa na mke tayari, akasema mbele ya ndugu kwamba mahindi yakishavunwa atanichukua. Ndivyo ilivyokuwa kwetu Wanyakyusa, mjane ni wa ukoo. Sikumtaka. Alikuwa mtu wa kumpiga mke wake mchana kweupe, kisha anamwagiza maji ya kunawa.

Jumapili moja kanisani nikasikia tangazo. Hospitali ya misheni upande wa Iringa inatafuta wanawake wa kufundishwa kusaidia wauguzi. Darasa la nne linatosha, wajane wanakubaliwa, ila kutakuwa na mtihani wa Kiingereza wa kuulizwa ana kwa ana, maana maagizo ya daktari yote yanaandikwa kwa lugha hiyo. Kiingereza nilichokuwa nacho mimi ni cha kuamkia tu.

Kwetu mtu mmoja alikijua, naye ni baba mkwe. Alikuwa karani miaka mingi kwenye machimbo ya dhahabu kule Chunya. Lakini kwa mila yetu mkamwana na baba mkwe hawaonani. Ukimwona anakuja njiani, unaingia shambani. Ukisikia anakohoa, unajifunika kanga kichwani, unainama, unampa mgongo mpaka apite. Hamsemezani. Msicheke. Ilikuwa heshima, na mimi niliishika.

Nikamweleza mama mkwe. Alipuliza moto kwanza, kisha akasema, "Nitamwambia. Akikataa, mimi sijasema kitu."

Hakukataa. Kesho yake, jua likiwa bado lipo, alikuja na kigoda akakaa nje ya jiko, ameegemea ukuta wa mianzi. Mimi nilikuwa ndani. Mama mkwe alikaa mlangoni, katikati yetu.

"Mwambie mtu aliye jikoni," baba mkwe akaanza.

"Anakusikia, kwani ukuta wenyewe ni wa mawe?"

"Mwambie."

"Haya. Mwanangu, naambiwa nikuambie."

Majina ya sarufi yeye aliyataja kwa Kiingereza. Mimi naandika kirai na kishazi ili mnielewe. Akasema, 'under the bed', yaani chini ya kitanda. Nani yuko chini ya kitanda? Anafanya nini? Hujaambiwa. Ni fungu la maneno tu, hakuna mtenda wala kitendo. Hicho ni kirai.

"Kama ni mwizi je?" mama mkwe akauliza.

"Hata kama ni mwizi, hajatajwa."

"Lugha gani hiyo, mwizi yuko chini ya kitanda na wao hawasemi!"

Siku nyingine tukaingia kwenye kishazi. Muuguzi aliosha kikombe: mtu yupo, kazi yake ipo, maneno yamesimama. Hiyo niliishika upesi. Kisha akasema, 'when the water boils', maji yakichemka, akanyamaza.

Tukasubiri. Kimya.

"Yakichemka tufanye nini?" mama mkwe akauliza.

Kimya.

"Wewe mzee! Yakichemka tusonge ugali au tuoge?"

Nikamsikia anacheka kwa pua, huko nje. "Mwambie mtu aliye jikoni, hicho kinachomkera mama ndicho kishazi kisichojitosheleza. Maji yapo, kuchemka kupo, lakini anayesikiliza ameachwa njiani. Lazima amaliziwe."

Shemeji aligundua. Akawa anapita uani makusudi. "Siku hizi unasoma na ukuta? Ukikujibu uniite." Siku moja hakupita. Alisimama mbele ya baba yake, nikaona miguu yake kupitia nafasi za mianzi.

"Baba, unamfundisha Kizungu mke wangu ili akimbie?"

"Hajawa mke wako."

"Mahindi yanakauka."

"Naona yanavyokauka. Akifaulu, ataenda. Akishindwa, neno lako limesimama, nami sitalipinga."

Nilijua sasa hata huyu aliye upande wangu amefunga mlango mmoja. Msiniulize nilisoma vipi baada ya hapo. Nilipalilia huku midomo inatembea, nilichota maji huku nakatakata maneno: hiki kirai, hiki kishazi, hiki kinangoja mwenzake.

Tulipanda basi mimi na mama mkwe, tukapita Mafinga tumejaa vumbi mpaka kwenye kope. Hospitalini wakaniingiza chumba kimoja, mama mkwe akaambiwa abaki mlangoni. Mezani alikaa sista mmoja Mzungu, na pembeni yake mwalimu mmoja mzee, Mhehe, mvi kichwa kizima. Nikasalimia, nikasimama wima, nikawatazama wote wawili. Mpaka hapo mambo ni mazuri.

Yule mzee akafungua mdomo akaniuliza kwa Kiingereza.

Jamani. Mimi Kiingereza cha maneno marefu nilikuwa sijawahi kukisikia ila kwa sauti ya mzee mmoja tu. Masikio yaliposikia, mwili ukageuka wenyewe. Nikajikuta nimeinama, kanga kichwani, nimempa mgongo. Na jibu nimelitoa, tena sahihi, nimeliambia ukuta.

"Binti, geuka," mwalimu akasema kwa Kiswahili.

Sikugeuka. Miguu ilikataa.

"Unanidharau?"

"Hapana, baba. Nakuheshimu."

Sista akanong'ona kitu. Mwalimu akavuta pumzi. "Kiingereza chako nimekisikia. Lakini wodi ya wanaume imejaa wazee kama mimi. Wana vidonda, wanatapika. Wote utawapa mgongo? Kama huwezi kugeuka, rudi kwenu."

Kwetu. Nikayaona mahindi. Nikaiona miguu ile uani. Na bado shingo haikugeuka.

Ndipo mama mkwe akaingia bila kuitwa. Wakamwambia atoke, akajifanya hasikii. Akanishika bega, akasema kwa Kinyakyusa, "Mwanangu, huyu siye. Yule nimemwacha nyumbani. Geuka."

Nikageuka. Nilimtazama mzee yule machoni, na nawaambia, sijawahi kubeba mzigo mzito kama ule. Yeye hakutabasamu. Akasema sentensi yake polepole: 'If the patient does not wake.' Mgonjwa asipoamka. Akanyamaza, kama baba mkwe alivyokuwa akinyamaza.

Nikajua nimeachiwa nimalizie. Maneno niliyokuwa nayo tayari yalikuwa ya kumwita daktari. Hayakuja. Aliyekuja ni mume wangu, amelala upande wa ukutani, na watu wanasema kesho, keshokutwa.

"I shall not wait for tomorrow," nikasema. Sitangoja kesho.

Sista aliinua kichwa. Mwalimu akamtazama mama mkwe, ambaye hakuelewa hata neno, akamwambia, "Mama, acha nguo zake hapa. Wewe utarudi peke yako."

Baba mkwe alipopata habari, niliambiwa, aliuliza kitu kimoja tu: "Alimalizia?" Alifariki nikiwa bado mafunzoni. Nilirudi kwa msiba, na siku hiyo, alipokuwa amelazwa, ndipo nilipouona uso wake. Alikuwa na kovu dogo kidevuni. Miezi yote ile aliyonifundisha kupitia ukuta sikulijua.

Baadaye niliolewa tena, na fundi seremala wa Mafinga, nikazaa. Mwanangu wa kwanza akaoa kwetu, Unyakyusa. Jioni moja nikamkuta mkamwana amejikunyata jikoni na kitabu chake cha Kiingereza, na mume wangu yuko nje, amegeukia upande mwingine, anamtajia maneno kupitia dirisha. Mila wameishika wote wawili, na mume wangu si hata Mnyakyusa.

Nikaweka sufuria chini. Nikawaambia: "Mkamwana, toka humo na kitabu chako. Wewe, baba watoto, ingia, vuta kiti. Kaeni mezani mtazamane. Na kuanzia leo, katika nyumba hii hakuna atakayefundishwa akiwa nyuma ya ukuta."