Zizi Lisilo na Ndama

Kama wewe ni mtu wa kucheka, cheka sasa umalize, kwa sababu haya niliyaona mchana, nikiwa na akili zangu zote. Na usidhani mimi ni mwoga wa uchafu. Kazi yangu ni kupandisha ng'ombe kwa mrija wa mbegu. Kila siku ya Mungu mkono wangu huingia ndani ya ng'ombe hadi karibu na kwapa, kisha nanawa, nakula mandazi. Nimevuta ndama waliooza tumboni. Nimerushiwa usaha usoni nikiwa katikati ya maneno. Kwa hivyo nikikuambia siku hiyo nilitapika mpaka nikashika ukuta, niamini.

Huku kwetu Nyeri ukitaja ng'ombe wa maziwa, watu wanafikiria Friesian tu, yule wa madoa. Mimi moyo wangu uko kwa ng'ombe wa Kerry. Ni ng'ombe wa Ireland, wa kale sana, mweusi tititi, mdogo, pembe nyeupe zenye ncha nyeusi. Kuzunguka mlima wamebaki katika mashamba machache tu, uzao wa ng'ombe walioletwa na padri mmoja Mwairishi aliyekwisha kuzikwa. Mbegu zao ni shida kupata, kwa hivyo nikizipata napanda pikipiki na kwenda mwenyewe shamba hadi shamba, kuwaona kama mtu anavyotembelea jamaa zake.

Wanavumilia baridi, wanakula chochote. Wana ukaidi mmoja tu: hawajasahau kwamba maziwa ni ya ndama. Friesian utamkamua hata kama mtoto wake umemuuza jana. Huyu wa Kerry asipomwona ndama wake anayazuia maziwa, na wewe utavuta chuchu mpaka vidole vife ganzi.

Safari ninayokusimulia ilikuwa na jambo jingine. Mdogo wangu Ndiritu, mtu mzima mwenye ndevu, alikuwa mchungaji katika shamba la mwisho kabisa, juu ya Naro Moru, karibu na msitu. Tangu mvua ndefu alikuwa hajafika nyumbani, na simu yake haikushika. Mama alikuwa amezoea kuketi mahali anapoweza kuliona lango. Alinipa sweta aliyomfumia.

"Mrudishe," aliniambia. "Hata akiwa mgonjwa, hata akikataa, wewe mrudishe tu. Nitamuosha, nitamlisha. Ni mtoto wangu."

Na umjue mama yangu. Ni mwanamke wa usafi wa kukera. Kikombe alichokunywea mtu mwingine hakigusi kwa mdomo wake, hata kikioshwa namna gani. Tulipokuwa wachanga hakututafunia chakula kama wanawake wengine walivyowatafunia watoto wao. Alisema mate ni mate, yawe ya nani.

Nilianzia Mweiga. Pale kila ng'ombe alikuwa na ndama ubavuni, mambo sawasawa. Mwenye shamba, mzee mcheshi, aliposikia naelekea juu, utani ulimwishia.

"Kwa cucu?" aliuliza. Cucu ni bibi, kwa Kikuyu. "Ati huko maziwa iko mingi sana. Sisi hatujui inatoka wapi."

Nikaona ni wivu wa wafugaji, basi. Nikawasha pikipiki.

Nilifika Naro Moru ukungu ukishuka kutoka mlimani. Cucu mwenyewe alinifungulia. Alikuwa kikongwe mdogo, msafi, aproni imepigwa pasi, sauti ya upole. Akanikalisha jikoni, akanimiminia chai nzito ya maziwa, yenye utando wa malai juu. Jamani, ile chai! Nilikunywa, nikaisifu, nikaomba tena. Mpaka leo, katika yote yaliyotokea, hilo la kuomba tena ndilo linalonichefua zaidi.

"Ndiritu yuko wapi, cucu?"

"Iko kazini, daktari. Wakati ya kukamua utamuona tu."

Wanaopandishiwa ng'ombe wote huniita daktari, nami nimeacha kubisha. Nilienda kuwakagua. Sijawahi kuona ng'ombe wa Kerry wazuri hivyo. Ngozi zilimetameta, viwele vimejaa mpaka vinadondosha. Lakini zizi la ndama lilikuwa tupu. Utando wa buibui ulikuwa umeziba mlango, na jiwe la chumvi halikuwa na alama ya ulimi hata mmoja.

"Ndama wako wapi?"

"Zilikufa. Baridi ya huku ni mbaya."

"Sasa hawa wanashushaje maziwa?"

"Wanaonyeshwa mtoto. Iko moja. Inatosha wote."

Nilishusha pumzi. Hilo nilikuwa nalijua. Kule Doldol nimewaona wafugaji wakichukua ngozi ya ndama aliyekufa, wakaijaza nyasi na kumwekea mama yake ailambe ili ashushe maziwa. Si uchawi, ni akili ya kazi. Hata cucu akaniambia padri aliwaeleza kwamba wazee wa kwao Ireland nao walifanya hivyohivyo. Tukacheka pamoja. Ndiyo, nilicheka naye.

Wakati wa kukamua wa alasiri ukafika. Cucu akaketi kwenye kigoda, ndoo katikati ya magoti, akagonga ukuta wa mabanzi wa banda dogo lililokuwa nyuma yake.

Kilichotangulia ni harufu. Unaijua harufu ya maziwa yaliyoganda kwenye kitambaa kikasahauliwa juani? Ongeza ngozi mbichi, ongeza jasho la mtu. Kisha mlango ukasukumwa kutoka ndani, na ndama akatoka.

Ilikuwa ngozi nyeusi ya ndama, imeshonwa tumboni kwa kamba ya katani, imelambwa mpaka ikawa na upara mgongoni. Inzi walikuwa wameifunika. Kwenye sikio moja funza walikuwa wakicheza. Nami nilisubiri kuona mkono wa mtu ukiisukuma, maana ngozi iliyojazwa nyasi haitembei, sivyo? Hii ilitembea. Ilitembea kwa magoti, taratibu, na yule ng'ombe akaanza kuguna kwa ndani, ule mguno anaomgunia ndama aliyemzaa sasa hivi. Akaanza kuilamba kuanzia mkiani mpaka shingoni.

Ikaingiza kichwa chini ya kiwele. Ikakipiga kumbo, kama ndama wanavyofanya, ikashika chuchu na kunyonya. Nilisikia mafunda yakishuka. Upande wa pili cucu alikuwa akikamua kwa raha zake, povu likipanda kwenye ndoo.

Hapo ndipo nikaiona ile miguu ya mbele. Ilikuwa mikono. Viganja vilikuwa vimekauka na kupasuka kama kwato, na kidole gumba cha kushoto hakikuwa na ncha. Kidole hicho nilikifunga kitambaa mimi mwenyewe, zamani, siku mashine ya kukatia majani ya nepia ilipomkata Ndiritu.

Nikaliita jina lake kwa ukelele. Kichwa kikageuka. Ndani ya ngozi ile ulikuwa uso wa mdogo wangu, ndevu zimegandamana kwa maziwa, macho yamelegea kwa utamu.

"Ngoja, daktari," akasema. Alizoea kunitania kwa jina hilo. "Bado hajashusha yote."

Nikatapika. Ile chai ilirudi yote, na ilipopita puani nikagundua ina harufu ileile ya ngozi. Nilikuwa nimeinywa na kuisifu!

"Usimtoe na nguvu, mami," cucu aliniambia bila kuacha kukamua. "Alikubali yeye mwenyewe. Muulize kama kuna mtu kwao anampenda hivi."

Sikumuuliza. Nilichomoa kisu kwenye mkoba wa kazi nikazikata zile kamba. Ngozi haikuachia. Nikaivuta, ikabanduka kama bandeji iliyokaukia kwenye kidonda, na chini yake mgongo wa Ndiritu ulikuwa na manyoya. Manyoya meusi, mabichi kwa mate, yamelala yote upande mmoja. Nililia kwa hasira na kinyaa kwa pamoja, hata sijui ni kipi kilizidi. Ng'ombe alikuwa akirusha mateke. Cucu aliinuka na ndoo yake isimwagike.

"Sawa, mpeleke," akasema. "Lakini hiyo ng'ombe itafuata mtoto yake."

Nilimvisha sweta ya mama na kumpandisha kwenye pikipiki. Hakunipinga. Njia nzima mpaka nyumbani alikuwa akinipiga kumbo mgongoni kwa paji la uso, polepole, akitafuta kitu.

Mama alimpokea kwa kilio cha furaha. Akachemsha maji, akamsugua kwa sabuni ya kipande, akamnyoa mgongo. Manyoya yakaota tena. Hospitali walisema ni ugonjwa wa ngozi, wakatupa dawa ya kupaka. Mchungaji wa kanisa aliomba akiwa amesimama mbali, kitambaa puani. Chakula Ndiritu alikikubali kidogokidogo, hata jina langu alilitaja. Lakini kila ikifika saa ya kukamua alijikunja sakafuni akalia, na kilio chake hakikuwa cha mtu.

Kisha ng'ombe akaja. Asubuhi moja tulimkuta langoni, ametembea njia yote hiyo, kwato zimechanika, maziwa yanadondoka vumbini. Akaguna. Ndiritu akatoka nyumbani kwa mikono na magoti. Mama alimwahi katikati ya uwanja, akamkumbatia, akalala juu yake mpaka mimi na majirani tukamfukuza yule mnyama kwa mawe. Kesho yake alikuwa amerudi. Nilipanga apelekwe kwa cucu kwa lori, na kila akipelekwa anarudi, amekonda zaidi, anaguna vilevile. Mama akaanza kunitazama kama mtu anayepiga hesabu moyoni.

Basi alasiri moja nilipita nyumbani, saa ileile ya kilio, nikakuta kimya. Langoni hakukuwa na ng'ombe. Nikasema moyoni, asante Mungu, imekwisha. Nikausukuma mlango wa jikoni.

Ndiritu alikuwa amelala kwenye mapaja ya mama, bila shati, amefumba macho, ametulia kama zamani. Na mama yangu, yule asiyegusa kikombe cha mtu, alikuwa amemwinamia akimlamba. Alimlamba kutoka kiunoni hadi kisogoni, polepole, bila kuruka mahali. Ulimi wake ulikuwa umekauka na kuchubuka. Manyoya meusi yalikuwa yamemganda midomoni na katikati ya meno.

Alinitazama bila aibu yoyote.

"Nikiacha, ataenda kwa yule mwingine," akasema. Akatoa unywele ulimini kwa kidole, akaendelea.

Anaendelea hadi leo, kila alasiri. Ndiritu amepata nafuu, anakata nepia, anaongea na watu, na ukikutana naye sokoni huwezi kujua. Ng'ombe hajarudi. Mimi nakunywa chai ya rangi tu, na nikimsalimu mama natoa mkono, sitoi shavu. Namheshimu kuliko mtu yeyote duniani, lakini shavu siwezi.

Nawe unayenisikiliza, siku ukikaribishwa shambani ukaona ndoo zinafurika maziwa na hakuna ndama, weka kikombe chini. Uliza ni mtoto wa nani ambaye hajafika kwao siku nyingi. Na ukimpata, kabla hujambandua, fikiria kwanza ni nani nyumbani atakayekubali kumlamba.