Kikapu cha Mwanne Mbele ya Mashine

Kwa miaka thelathini na mmoja Mwanne alifundisha hesabu, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu Bujumbura aliyethubutu kumwambia afungue mzigo wake ukaguliwe. Marehemu mumewe, Hamimu, alikuwa fundi magari ambaye wateja walimwachia funguo bila kuhesabu kilichomo garini. Nyumba walipanga; urithi aliowaachia ulikuwa jina hilo la uaminifu.

Alhamisi hiyo aliingia duka kubwa la mtaa wa Asiatique kununua vitu vya ugeni. Jumamosi wazee wa upande wa kijana Moubarak walikuwa waje kumposea binti yake, Assia. Dukani akakuta mashine mpya: mteja anapitisha vitu mwenyewe mbele ya kioo, anaviweka juu ya bamba linalovipima, kisha analipa kwa simu. Wengi waliziogopa, wakapanga foleni ndefu kwa keshia pekee aliyebaki. Mwanne alisoma maelekezo na kwenda moja kwa moja.

Akapitisha mchele, mashine ikalia tii. Akautia katika kikapu chake cha ukindu, akakiweka kikapu juu ya bamba. Taa nyekundu ikawaka, na sauti ya kike ikatangaza kwa Kifaransa kwamba kuna kitu hakijalipiwa.

Mlinzi, Régis, akaja mbio.

"Maman, toa ile kitu umeficha."

"Nimeficha nini?"

"Mi sijui. Mashine haisemi uongo."

"Na mimi ninasema?"

Foleni nzima ikageuka. Katikati yake alisimama mama Moubarak, yule ambaye mwanawe angeposa. Macho yao yalikutana, kisha mama Moubarak akainamia kopo la maziwa na kuanza kulisoma kama barua. Mwanne akaelewa. Nyumba ya mwizi haipelekewi posa.

Régis akamsogelea, akanong'ona: "Lipa kidogo tu, maman, tuyamalize."

"Nikilipa nimekiri. Silipi."

Akautoa mchele, akatoa na kitambaa kilichotandikwa ndani, akakiinamisha kikapu mbele ya mlinzi.

"Humu mna nini?"

"Apana kitu."

"Paza sauti, baba. Wa nyuma hawajasikia."

"Apana kitu, maman!"

Mwanne akakirudisha kikapu kitupu juu ya bamba. Taa ikawaka, sauti ikatangaza maneno yaleyale.

Duka zima likaangua kicheko. "Kikapu kimeiba!" akapiga kelele mwanamume mmoja. "Régis, kitie pingu!"

Meneja, Rénovat, akatoka ofisini kwake. Mwanne alimweleza taratibu, kama mbele ya ubao. "Mashine hii imetengenezewa watu wanaobebea vitu katika mifuko ya plastiki, myepesi kama karatasi. Hapa mifuko hiyo imepigwa marufuku, kila mtu anakuja na kikapu chake. Uzito wa kikapu mashine inauhesabu kuwa wizi."

Rénovat akaomba kikapu cha mteja mwingine, akakijaribu. Taa nyekundu. Akajaribu cha tatu. Taa nyekundu. Akajifuta jasho.

"Utusamehe, mwalimu," alisema kwa sauti ya chini.

"Nimeshtakiwa kwa sauti kubwa, nawe unaniomba msamaha sikioni?"

Meneja akageukia foleni. "Jamani! Mjane wa Hamimu hakuchukua kitu. Kosa ni letu na la mashine yetu. Kuanzia leo vikapu vinapimwa kwanza, vikiwa vitupu!"

Vigelegele vilipigwa. Mwanne alingoja viishe, akakiweka kikapu sakafuni, akaendelea kupitisha vitu vyake palepale, kimoja kimoja, bila haraka, mpaka mashine ikamtolea risiti.

Mama Moubarak akatoka katika foleni yake na kumfuata.

"Bamwana!" aliita, jina wanaloitana wazazi wa mume na wa mke.

"Posa bado, dada yangu. Na muda mfupi uliopita hukunijua."

"Nilikujua. Niliogopa." Akacheka kwa haya. "Sasa naogopa kwamba Jumamosi mtatukatalia."

Mwanne akapanga kwanza vitu vyake kikapuni, ili mwenzake naye aonje kidogo hofu ya kukataliwa aliyokuwa ameionja yeye.

"Njooni," alisema. "Na mje wengi. Wale wote ambao mngewasimulia kwamba nimeiba, waleteni walisikie jina letu nyumbani kwetu."