Dancille na Mwizi Wake wa Upinde

Dancille akiingia mu nyumba ya muntu, macho yake inatafuta kwanza mulango wa pili. Hata kwangu, mahali anakuja tangu utoto, hawezi kukaa na mugongo ku mulango. Watu wa Mushaki wamezoea. Wanamuachia kigoda cha karibu na kizingiti bila kusema kitu. Ni mwanamuke wa miaka makumi tatu na kidogo, mwembamba, sauti ya chini. Asubuhi anabeba maziwa mu bidoni mpaka kwa watengeneza fromaji, jibini ya huku kwetu, kisha analima maharagi pamoja na shangazi yake. Na kila siku ya ine, Alhamisi, anafundisha watoto wa shirika letu la kanisa katekisimu. Hiyo njo kazi anapenda kupita zote. Watoto wanamufuata njiani kama ndama wanaofuata mwenye chumvi.

Kazi ile njo ilikaribia kumutoka mukononi, sababu ya muchezo.

Muchezo wenyewe ni huu. Wakati barabara ya Sake ilifungwa na magari hayakupanda tena, Papa Théophile, mufanyabiashara wa kutoka Butembo, alibaki mu butiki yake bila kitu cha kuuza isipokuwa sabuni. Mutoto wa ndugu yake alikuwa amemuachia kitabu kikubwa cha Kifaransa pamoja na dadu za namna namna, moja ina pande makumi mbili. Ni muchezo wa kusimulia. Théophile anasema: muko mu pori, muko mbele ya ngome, kuna nyama mukali anakuja. Kila muchezaji ana muntu wake wa kuwazia tu, amemuandika ku karatasi: nguvu yake, wepesi wake, akili yake, vyombo vyake. Muntu wako akitaka kufanya jambo gumu, unatupa dadu. Ikitoka namba kubwa, amefaulu. Ikitoka ndogo, pole yake. Na akikufa, amekufa. Unapasua karatasi.

Valens, anayebeba watu na pikipiki mpaka Masisi, alijichagulia muntu wa ngao, mukubwa kama mulango wa kanisa. Nicole mushonaji akachagua muganga. Dancille akachagua mwizi wa upinde.

"Mwizi?" nilimuuliza. "Kwa nini mwizi, mwanangu?"

"Mama Euphrasie, ku kitabu kazi yake inaitwa vile. Anafungua kufuli, anapanda ukuta, anajificha, anapiga mishale. Masikini haibii."

Alimujenga na moyo wote, kama vile anatayarisha watoto wa komunyo ya kwanza. Wepesi akaupa sehemu kubwa kuliko yote, sababu mushale unakwenda na wepesi, na kukwepa pia ni wepesi. Nguvu akaiacha ndogo. "Ya nini? Hatabeba gunia." Nguo za chuma alizikataa, zinapiga kelele; akamuvalisha ngozi nyepesi. Akamufundisha kutembea bila sauti, kujificha, kufungua kufuli. Théophile alimusifu: "Dada, weye njo umeelewa kitabu kutupita sote."

Lakini kucheza kulipoanza, mishale yake ilikuwa kama maharagi makavu yanayotupwa ku ukuta. Mwizi ana pigo moja la hatari ambalo wengine hawana: mushale unaoongeza jeraha mara nyingi. Pigo lile linaingia kwa njia mbili. Ya kwanza, adui asijue uko wapi. Ya pili, mwenzako asimame karibu na adui, amushike macho, na weye upige toka pembeni. Dancille alitumia njia ya kwanza peke yake. Mushale wa kwanza unapiga vizuri, adui anageuka, amejua. Na mambo yakipata moto tu, Dancille anasema, "Ninapita upande wangu," anamupeleka muntu wake ngambo ya kilima, peke yake. Kutoka mbali vile, muchezo unakulazimisha kutupa dadu mara mbili na kuchukua namba ndogo.

"Dada," Valens alikuwa anamucheka, "muntu wako iko Walikale, sisi tuko Masisi! Ule mushale utapanda ndege?"

"Anaishi, ao haishi?"

"Anaishi. Ni sisi tunakufa."

Watu walicheka. Mimi niliposikia habari ile sikucheka sana, sababu ninajua wapi ilitoka. Huku kwetu, bunduki zikianza kulia ku kilima, nyumba haikimbii na njia moja. Baba anagawanya watu: weye huku, weye kule, mama na mutoto chini ku muto. Ni kusudi nyumba isiishe yote pamoja. Dancille alikuwa na umri wa komunyo wakati baba yake alimutuma peke yake mu migomba, kuelekea Muheto. Alifika, akakaa kando ya barabara akingoja. Mama yake akafika na mudogo. Baba akafika. Kaka yake Gisubizo hakufika, na mpaka leo hajafika.

Basi mukono wake mu muchezo ulikuwa unafanya kama ulivyofundishwa.

Maneno yakatoka ku butiki, yakapita ku kisima, yakafika kwa Papa Evode, prezida wa shirika letu. Yalipofika kwake yalikuwa mafupi: katekista anacheza muchezo wa muntu anayejificha na kupiga watu. Ninamuheshimu Papa Evode, na ninaomba mulisikie neno hili mbele ya kumuhukumu. Mutoto wake wa kwanza, Védaste, alipigwa risasi mu njia ya shamba asubuhi, na jembe ku bega. Aliyepiga alikuwa mu matete. Hakuna aliyemuona sura, hakuna aliyejua jina.

Papa Evode alisema mbele ya wakubwa wa shirika: "Siku ya yenga, kisha Misa ya Jumapili, nitaenda kuona na macho yangu. Mama Euphrasie atanisindikiza. Kama ni vile ninasikia, yule binti hatafundisha watoto tena. Nitasema mbele ya watu wote."

Théophile alimuita Dancille pembeni. "Akiuliza, sema ni muwindaji. Ni neno moja tu. Muwindaji, mwizi, mishale ni ile ile."

Dancille alichukua bidoni zake, akaenda.

Siku ya yenga mvua ilikuwa inapiga mabati, na wingu limeshuka mpaka ku barabara. Tuliingia mu chumba cha nyuma ya butiki, Papa Evode mbele, mimi nyuma yake na rozari mu mufuko. Alisalimia watu wote mukono kwa mukono. Kisha akavuta kigoda cha karibu na mulango, akakaa, kofia ku magoti. Hakukumbuka ni cha Dancille. Nicole aliniangalia. Kilibaki kiti kimoja, kile kinachopa mulango mugongo. Dancille alisimama kidogo, akakaa pale.

"Mucheze," Papa Evode alisema. "Mufanye kama siko."

Théophile alikohoa. "Bon. Muko ku kichwa cha daraja la mawe. Ngambo kuna ghala ya chumvi, na mu ghala wamefungia watu wa kijiji, wazee, wamama na watoto. Ufunguo ni Dancille aliuiba juma lililopita…"

"Ngoja," Papa Evode alisema. "Binti yangu, huyu muntu wako anafanya kazi gani?"

Théophile aliangalia dadu. Dancille aliinua uso.

"Ni mwizi, Papa."

"Katekista wetu ni mwizi."

"Mu muchezo, Papa. Ndiyo."

"Na anajificha."

"Anajificha."

"Kisha anapiga."

"Ndiyo, Papa. Anapiga mishale."

Papa Evode aligeuza kofia yake pole pole. Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hiyo njo iliniogopesha. "Watu wa namna ile tunawajua, mwanangu. Wako mu matete pale juu. Hatuna haja ya kuwaalika mu nyumba." Nilifikiri atasimama aende. Lakini ni muntu wa neno lake. Alisema atakuja kuona, na alikuwa hajaona. "Endeleeni."

Théophile alitupa dadu yake. Kutoka chini ya daraja, alisema, kukapanda nyama wa pembe mbili, ngozi kama jiwe, meno kama panga. Valens alipeleka muntu wake wa ngao katikati ya daraja kumuzuia. Dancille alikuwa amejificha juu ya mwamba, nyama hajamuona. Mushale wake wa kwanza uliingia vizuri, na pigo lile la hatari. Nyama akalia, akageuza kichwa, akamuona.

"Ninapita upande wangu," Dancille alisema, haraka, kama muntu anayepumua. Muntu wake akashuka nyuma ya mwamba, akapanda kilima cha nyuma, mbali, na ufunguo mu mufuko.

Nyama akamurudilia Valens. Pigo moja. Muganga wa Nicole alikuwa ameishiwa dawa. Pigo la pili. Dancille akatupa mushale kutoka kule mbali, dadu mara mbili: kumi na nane, na tatu. Tatu njo ikahesabiwa. Mushale ukaanguka mu muto.

Valens hakucheka tena. "Dada. Pigo lingine moja na mimi nimekufa. Akishanimaliza anageuka, na ghala iko nyuma yake."

"Dancille, ni zamu yako," Théophile alisema. "Hapo uko, nyama hakufikii. Unaweza hata kuondoka na ufunguo, urudie siku ingine. Muntu wako ataishi. Unafanya nini?"

Nyuma yake pikipiki ilipita mu matope barabarani, ikapiga mulio mumoja mukavu kama risasi, na niliona mabega yake yanaruka. Lakini hakugeuka kuangalia mulango. Alikuwa anaangalia mahali pa Valens mu ile picha ambayo sisi wote tulikuwa tunaiona bila kuiona. Papa Evode alikuwa ameacha kugeuza kofia.

"Ninashuka," Dancille alisema.

"Upande gani?" Valens aliuliza.

"Upande wako."

"Kweli?"

"Nyamaza kwanza, nisije nikageuza. Kuna ule ukuta uliobomoka ku kichwa cha daraja. Ninasimama pale, nyuma ya mugongo wako. Weye mushike macho. Usimuache aniangalie."

"Pale nyama anaweza kukufikia," Théophile alimuonya. "Ukikosa, anaweza kuwapiga nyote wawili."

"Ninajua."

Alichukua dadu. "Ngapi inatosha?"

"Kumi na ine na kupita."

Alifanya ishara ya musalaba kwa siri, lakini mimi niliiona. Dadu ilizunguka ku meza, ikagonga kikombe cha chai, ikaanguka chini, ikasimama mbele ya kiatu cha Papa Evode.

Muzee aliinama, mukono ku kiuno. Aliiangalia bila kuigusa.

"Ni kumi na saba," alisema. Kisha, na sauti isiyokuwa ya prezida: "Inatosha?"

"Inatosha, Papa!" Valens alipiga kelele. "Inatosha!"

Mushale ule, pamoja na pigo la hatari, uliingia chini ya taya la nyama, akaanguka mu muto. Nicole alipiga makofi. Dancille hakupiga, alikuwa ameweka mikono yote mbili ku meza, na machozi yalikuwa yanashuka bila sauti.

Papa Evode alingoja watu wanyamaze. "Ungebaki kule juu, ungekuwa mwema?"

"Ningekuwa muzima, Papa. Sijui kama ningekuwa mwema."

"Na huyu?" Alionyesha Valens na kidevu.

"Angekuwa amekufa."

Muzee alivaa kofia, akashukuru kwa chai ambayo hakuinywa, akatoka mu mvua. Neno lake tungelisikia siku ya yenga. Juma lile lilikuwa refu. Siku ya ine Dancille alifundisha watoto Baba Yetu, na niliposimama ku dirisha nilimuona anawashika mukono mumoja mumoja wakati wa kuagana, kama ni mara ya mwisho. Niliomba kila usiku. Sikujua niombe nini, nikaomba tu.

Siku ya yenga, kisha matangazo ya shamba la paruasi, parokia yetu, na ya harusi, Papa Evode alisimama. "Katekisimu ya watoto ni siku ya ine, kwa Dancille, kama kawaida." Akakaa. Ni hivyo tu.

Inje, ku ngazi za kanisa, alimungojea. "Binti yangu, muntu wako asipige watu akijificha. Nyama, sawa. Kamba, kufuli, sawa. Muntu, hapana. Hata mu muchezo. Ninakuomba hiyo."

"Nimekubali, Papa."

Théophile aliposikia alishika kichwa. "Sasa nitamupigisha nini? Huyo atakuwa mwizi wa namna gani?"

"Mwizi wa shirika!" Valens alisema.

Dancille alikaa na karatasi yake, akafuta, akaandika upya: mishale ya kukata kamba, mishale ya kuzima taa, kamba ndefu ya kupandia, na pembeni, kwa herufi kubwa, kusimama karibu na Valens. Kigoda cha ku mulango angali anakipenda.

Juzi nilikuwa ku butiki ninanunua sabuni. Papa Evode alipita na fimbo yake, akasimama, akaangalia ndani.

"Wale watu wa ghala," aliuliza. "Mumeshawafungulia?"

"Bado, Papa," Théophile alijibu. "Mvua, kazi, Valens iko safarini…"

"Wamama na watoto wamefungiwa mu chumvi," muzee alisema, "na weye iko hapa unauza sabuni."

Akaingia mpaka mu chumba cha nyuma, akaacha kigoda cha Dancille, akavuta kiti kile kinachopa mulango mugongo, akakaa kungoja wengine.